Bei Yangu Ilivyoposwa

Mwaka niliofungua ofisi yangu Mpanda nilijua bei ya kila kitu isipokuwa ya kazi yangu mwenyewe. Nilijua gunia la mpunga linauzwaje Kibaoni, nilijua viwanja vya Magamba vimepanda kiasi gani, na ukiniamsha usingizini ningekutajia faini ya kuchelewesha ritani ya kodi kabla sijafumbua macho. Lakini mteja akikaa kwenye kiti, akaweka mfuko wake wa risiti mezani na kuuliza, "Sasa dada, kwako ni shilingi ngapi?" nilianza kupanga kalamu.

Nilikuwa nimetoka kwenye ajira. Huko mshahara ulikuja wenyewe mwisho wa mwezi, mtu mwingine akiwa ameshaamua thamani yangu bila kuniuliza. Nililalamikia kiasi hicho miaka yote, ila sikuwahi kujiuliza mimi ningejipa ngapi. Nilipopata kibali cha kushughulikia kodi za watu nikapanga chumba kimoja kwenye nyumba ya biashara karibu na soko, kati ya fundi cherehani na duka la dawa za mifugo. Nikachapa karatasi ya bei, nikaibandika ukutani. Wateja waliisoma kama wanavyosoma tangazo la kukataza kuvuta sigara, halafu wakageuka na kuniuliza bei.

Mteja wa kwanza alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilimtajia kiasi nilichokifanyia mazoezi mbele ya kioo, naye akasema sawa hata sijamaliza kutamka. Alilipa palepale, akatoka anapiga mluzi. Nikabaki najua nimejipunja, ila sijui kwa kiasi gani. Wa pili nikampandishia. Akaguna, nami nikashusha haraka kabla hajasema neno. Baadaye nikaja kujua kwamba yule bwana anaguna kwa sababu ya mgongo. Huguna hata akisalimiwa.

Ndipo akaja mzee wa Kisukuma kutoka upande wa Kibaoni.

Familia yake ilishuka na ng'ombe kutoka kaskazini yeye akiwa kijana. Sasa wana mashamba ya mpunga na mashine ya kukoboa, na mwanawe mkubwa alikuwa amesajili kampuni ili waweze kuomba zabuni za kuuza mchele mashuleni. Kampuni ikishasajiliwa lazima kila mwaka ipeleke hesabu zilizosainiwa na mhasibu. Yule kijana alinipigia simu, tukapanga siku, nikadhani atakuja peke yake. Walikuja wanne kwenye Canter yao iliyoleta mchele sokoni: mzee, wadogo zake wawili, na kijana mwenyewe. Wazee walivaa kofia zao, wakaegemeza fimbo mlangoni kwa mpangilio. Viti vya wageni nilikuwa navyo viwili tu. Fundi cherehani, mwanamke ambaye hakosi kitu kinachopita barazani kwetu, akasukuma benchi lake mpaka kwangu bila kuombwa.

Nikaeleza kazi ilivyo: kusoma vitabu vya mwaka mzima, kufunga hesabu, kuandaa ritani na kuiwasilisha, kisha kusimama kwa niaba yao watu wa kodi wakiwa na maswali. Nikasema laki nane. Niliyasema hayo nikiiangalia stepla.

Wakaendelea kunitazama. Si kwa hasira, bali kama watu wanaosubiri sehemu iliyobaki. Mwisho mzee akauliza ni nani anayenisemea. Nikajibu kwamba najisemea mwenyewe. Akawatazama wadogo zake, kisha akanigeukia kwa upole mkubwa.

"Mayu," akasema, kwa neno lao la kumheshimu mwanamke, "sisi tuko wanaume wanne na wewe uko peke yako. Tukianza kukupunguzia hapa, itaonekana tumekuja kukuonea. Tafuta watu wako. Jumamosi tutarudi tuongee nao."

Nikajaribu kufafanua kwamba katika kazi yetu mtu hutaja bei yake mwenyewe, mteja akakubali au akakataa, basi. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayehadithiwa mila za nchi ya mbali, halafu akarudia kwamba Jumamosi. Walipokuwa wanatoka, kijana alibaki nyuma kidogo. Akaninong'oneza kwamba nikikataa kusemewa, baba yake ataamini nina jambo ninalolificha.

Kazi ile niliitaka. Ilikuwa kampuni ya kwanza kunifuata. Wengine wote walikuwa watu binafsi wenye vibanda na maduka. Kwa hiyo jioni nikaenda kwa mwenye nyumba wangu.

Mwenye nyumba ni mstaafu wa reli, mzee mrefu mwenye koti moja la sherehe, na tangu astaafu kazi yake kubwa imekuwa kwenda kuposea watoto wa watu. Nusu ya ndoa za mtaa wetu zimepita mdomoni mwake. Nilipomweleza shida yangu hakuuliza ritani ni nini. Aliuliza kama wale wageni walipewa soda. Nikasema maji. Akafumba macho kwa muda, kisha akasema tutarekebisha. Sharti lake lilikuwa moja: siku hiyo mimi nisifungue mdomo.

"Ukiongea unaharibu," akasema. "Kazi yako ni kukaa."

Fundi cherehani akasema yeye atakuwa shangazi. Nikamkumbusha kwamba si shangazi yangu, na kwamba umri wetu haupishani sana. Akasema hayo ni mambo madogo, muhimu ni kwamba ana kitenge kipya na hajapata pa kukivalia.

Jumamosi ikafika. Ofisi yangu isingetutosha, hivyo mwenye nyumba akaamuru mabenchi yapangwe barazani, upande wa wageni na upande wa wenyeji, na kreti ya soda katikati. Wakati huo nilikuwa natazama soda tu na gharama yake. Leo ninaona kile ambacho wapita njia wote wa kwenda sokoni walikiona: wazee wa Kisukuma na fimbo zao upande mmoja, upande wa pili mshenga maarufu wa mtaa ndani ya koti lake, mwanamke aliyevalia kitenge kipya amekaa kishangazi, na mimi pembeni yake, nimeinamisha kichwa, sisemi.

Mwenye nyumba alifungua kikao kwa kunisifu. Alianzia shule ya msingi. Alisema binti wetu huyu amesoma, mtulivu, hajawahi kusikika na ugomvi. Baadaye aliniambia sentensi hizo huwa anazo tayari, hubadilisha jina tu. Alipofika kwenye bei akasema milioni moja na nusu.

Nikakohoa. Fundi akanigusa goti na kuwaeleza wageni kwamba vumbi la msimu huu linanisumbua.

Mdogo wa mzee, ambaye ndiye alikuwa msemaji wao, akajibu kwamba wamefurahi kusikia binti ametunzwa, na kwamba wao wamekuja na laki mbili na mbuzi. Mwenye nyumba akavua miwani, akaifuta taratibu, akairudisha. Kutoka hapo wakaendelea kwa muda mrefu na kwa furaha isiyofichika. Waliuliza niliwahi kufanya kazi wapi na niliondokaje. Waliuliza kama nina hasira. Waliuliza kama najua kutunza siri ya nyumba ya mtu, maana mhasibu anaona mpaka ugali wa ndani. Mwenye nyumba aliyajibu yote, hata yale asiyoyajua.

Kisha mzee mwenyewe, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza swali moja, na aliliuliza akinitazama mimi.

"Watu wa kodi wakija mashineni, huyu atakimbia?"

Mwenye nyumba alianza kusema kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukimbia. Nikamkatiza. Nilisema sitakimbia, na kwamba nitakaa nao meza moja, niwaonyeshe karatasi moja baada ya nyingine mpaka waridhike. Na kama kuna kodi iliyopungua nitamwambia mzee ailipe, simfichi mtu. Fundi akashusha pumzi kana kwamba nimevunja sahani. Mzee akatikisa kichwa kwa kukubali, akaomba wakashauriane nyumbani, tukutane Jumamosi nyingine. Bei ilikuwa imebaki kati ya laki tano na milioni.

Nilipokwenda kula mchana, mama ntilie aliniwekea samaki mkubwa kuliko niliyemlipia, akaniambia hongera. Nikadhani ananipongeza kwa kupata mteja. Mwenye duka la dawa za mifugo naye akaja mlangoni, akasema wale watu anawafahamu, wana ng'ombe wa kutosha na hawanyanyasi wanawake. Nikamshukuru. Ilinichukua mpaka jioni kuelewa, na kufikia hapo habari ilikuwa imeshapanda bodaboda kuelekea Katumba, anakoishi mama yangu.

Mama alifika Jumatatu asubuhi. Alishuka kwenye pikipiki akiwa amevaa kitenge cha kanisani, mkononi begi la safari. Sisi asili yetu ni Burundi. Wazazi wake walikuja wakiwa wakimbizi, yeye amezaliwa hapahapa, na mambo mazito huyasemea Kirundi kwanza kabla ya kuhamia Kiswahili. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka begi mapajani.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu. "Mimi nisikie kwa mtu wa bodaboda."

Nikamwambia hakuna cha kusikia, yule ni mteja.

"Kijana wake?"

"Wote ni wateja, mama. Ni kampuni."

Akaniuliza kampuni gani inakuja na wajomba. Nikamweleza mwanzo hadi mwisho: mashine, zabuni, ritani, laki nane, sharti la mzee. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akatazama begi lake, na nikaona usoni pake kwamba safari nzima kutoka Katumba alikuwa ameshajenga mji, ameshapata wajukuu, ameshachagua hata wa kumsaidia kupika. Nilijisikia vibaya kidogo. Nina miaka thelathini na kitu, na mama hajawahi kuniuliza lini; siku hiyo nilijua kwamba kutokuuliza kulikuwa kunamgharimu.

"Kwa hiyo harusi hakuna," akasema mwisho.

"Hakuna."

"Na wametaja nini, hao wateja?"

"Laki tano, wakianzia laki mbili na mbuzi."

Kisha akafungua begi, akatoa kanga ya kushindia, akajifunga kiunoni. Akasema mtoto aliyemsomesha kwa maharage hawezi kuanziwa kwa mbuzi, na kwamba atakaa mpaka Jumamosi.

Wiki ile nilifanya kazi mama akiwa kwenye kona ya ofisi, anachambua mchele. Kila mteja akiingia alimkaribisha, akamuuliza watoto hawajambo, halafu akanitazama nitakavyotaja bei. Sijawahi kutaja bei kwa kujikaza kama wiki ile.

Jumamosi ya pili watu walikuwa wengi zaidi barabarani kuliko biashara ilivyohitaji. Mzee alipomwona mama, alisimama kumsalimia, na wadogo zake wakasimama. Alisema sasa amefurahi, maana Jumamosi iliyopita aliona watu wazuri lakini hakuona mzazi. Mwenye nyumba hakupendezwa sana na maneno hayo. Kisha mzee akamwomba mama awaambie, kwa ukweli wa mzazi, binti huyu yukoje.

Mwenye nyumba alikuwa amempanga mama tangu asubuhi. Amsifu, asizidishe, amwachie yeye bei. Mama akashika kanga yake vizuri, akaanza kueleza kasoro zangu.

Alisema nina kisirani asubuhi na nisisemeshwe kabla ya chai. Alisema kupika sijui, ugali wangu una mabonge, na kwamba hili alishalisalia mpaka akaacha. Alisema nasahau kula. Alisema nilipokuwa mdogo alikuwa akinituma kuuza maharage kwa kopo, na siku pesa ilipopungua kidogo nilikataa kuingia ndani, nikakaa na kopo langu nje nahesabu upya, mpaka ikabidi baba yangu atoke aseme yeye ndiye alichukua ya tumbaku. Hata hapo sikuridhika, nikataka kujua ni tumbaku ya kiasi gani.

"Huyu," mama akasema, "ni wa kuchosha. Kama mnatafuta mtu wa kuwafurahisha, mchukue mwingine."

Mwenye nyumba alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Fundi alitazama kreti ya soda. Mimi nilitamani ardhi ya baraza ipasuke, japo ni sakafu ya mwenye nyumba na angenidai. Lakini wale wazee walikuwa wanacheka, mzee mpaka machozi. Alisema miaka yote mnadani hajawahi kuona muuzaji anayeanza kwa kuonyesha kilema, na kwamba mtu wa kuchosha ndiye waliyemfuata. Wakasogea pembeni kidogo, wakaongea Kisukuma. Waliporudi msemaji wao akasema laki saba na nusu, nauli ya kuja mashineni juu yao, na gunia la mchele wakati wa mavuno. Mwenye nyumba akaitengeneza sauti ili adai milioni. Mama akasema tumekubali.

Wakati wa kuondoka, yule mdogo mwingine alikwenda kwenye Canter na kurudi anavuta mbuzi jike mwenye madoa. Mzee akasema haiwezekani wakae na mama wa mtu halafu aondoke mikono mitupu. Mama alishukuru kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na mwisho kwa kupiga goti. Alirudi Katumba siku hiyohiyo, yeye na mbuzi kwenye bajaji ya mizigo, na sina shaka kila aliyewaona njiani alithibitisha aliyoyasikia.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri. Vitabu vyao vilikuwa safi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mke wa yule kijana huandika kila gunia linaloingia mashineni, na akiandika anakandamiza kalamu mpaka maandishi yanatokea ukurasa wa pili. Nilikwama mahali pamoja tu. Katika matumizi ya kampuni nilikuta hati imeandikwa: mbuzi, mama wa mhasibu, mmoja.

Nikampigia mzee, nikamweleza kwamba sina uhakika na huyo mbuzi. Akaniambia uhakika upo: bila mama bei isingefika mwisho, bila bei nisingefanya kazi, kwa hiyo mbuzi ni gharama ya hesabu. Nilikaa na hoja hiyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nikamjibu kwamba kama mbuzi ni malipo ya kazi yangu, basi ataingia kwao kama gharama, na kwangu ataingia kama mapato, nimlipie kodi. Nikampigia na mama nimwarifu. Mama akasema mbuzi ni zawadi yake, ameshapata jina, ana mimba, na wala hajawahi kusikia zawadi ya mama ikilipiwa kodi. Nilimrudia mzee na taarifa hiyo. Alifikiri, kisha akasema basi mtoe kwenye vitabu, kwani hawezi kubishana na mama yangu kwa simu. Nikamtoa. Ritani ikaenda kabla ya mwisho wa Juni, na watu wa kodi hawakuuliza kitu.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa njia nyingine. Siku chache baada ya hapo, fundi alikuwa mlangoni kwake na mwalimu wa kwaya aliyetaka sare za kwaya nzima. Nilimsikia akitaja bei, na papo hapo akaanza kuishusha mwenyewe, mwalimu hajasema kitu. Yule yule aliyekaa barazani kwa kujiamini kama shangazi wa kweli, ilipofika bei ya kazi yake mwenyewe alikuwa anapanga sindano. Nikatoka. Nikamwambia mwalimu kwamba mimi ndiye ninayemsemea huyu fundi, na nikataja bei yenye uzi, vifungo, usiku atakaokesha na umeme wa pasi. Nilikuwa nimemwangalia machoni. Sauti haikutetemeka hata kidogo, maana haikuwa kazi yangu niliyokuwa naipigia bei.

Mwalimu akapunguziwa kidogo, akalipa nusu, akaondoka ameridhika. Tangu siku ile mimi na fundi tunasemeana. Mteja wangu akiuliza bei, namwambia apite mlango wa pili aongee na dada yangu, nami wakati huo naendelea kupanga risiti zake. Wa kwake wanakuja kwangu. Wengine hushangaa kutumwa kwa fundi cherehani kuulizia ritani, lakini wanakwenda. Mara nyingi wanarudi wameshakubaliana, na wawili watatu wamerudi wameshapimwa na suruali.